Insulini inasogea karibu, lakini mtoto bado anafika amechelewa

Mwaka jana nilimpokea zahanatini msichana wa miaka tisa akiwa mgongoni kwa mama yake. Mtoto wa umri huo habebwi mgongoni mpaka hali iwe mbaya. Alikuwa anapumua kwa kasi na kwa kina, midomo imekauka, macho yameingia ndani, na alikuwa ametapika usiku kucha. Mama alikuja na mfuko wa dawa mkononi: dawa ya malaria aliyopewa sehemu moja siku nne kabla, na dawa ya nimonia aliyopewa sehemu nyingine siku mbili baadaye.

Nilimuuliza swali ambalo huko nyuma hakuulizwa: mtoto anakojoaje? Akanijibu, "Nesi, anakojoa mno. Ameanza hata kukojoa kitandani, na sisimizi wanajaa pale anapokojoa." Nikamtoboa kidole. Glukomita haikutoa namba, iliandika HI, maana yake sukari imepita kiwango ambacho kifaa kinaweza kusoma. Tukamwekea dripu, tukaita gari, akapelekwa hospitali ya wilaya. Alipona.

Alikuwa na kisukari aina ya kwanza. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili hushambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Hausababishwi na mtoto kupenda pipi au soda, wala si kosa la mama. Bila insulini, sukari inabaki kwenye damu na mwili unaanza kuyeyusha mafuta yake ili upate nguvu. Mafuta hayo hutoa tindikali ziitwazo ketoni. Zikijaa kwenye damu mtoto hutapika, huumwa tumbo, hupumua kwa kasi, kisha hupoteza fahamu. Anaweza kufa ndani ya siku chache.

Naanza na mtoto huyu kwa sababu habari nyingi za miaka hii kuhusu kisukari cha watoto barani Afrika ni habari za dawa: ipo wapi, ni ya nani, inagharimu kiasi gani. Ni habari muhimu. Lakini msichana huyu hakukosa insulini, maana hospitali ya wilaya ilikuwa nayo. Alikosa tone moja la damu kupimwa siku nne kabla.

Nini kimebadilika

Mwezi Agosti 2022, mawaziri wa afya wa Afrika walikutana Lomé, Togo, katika kikao cha Shirika la Afya Duniani (WHO), wakapitisha mkakati uitwao PEN-Plus. Lengo lake ni kuyashusha matibabu ya magonjwa sugu makali kutoka hospitali kubwa za mijini hadi hospitali za wilaya. Magonjwa hayo ni pamoja na kisukari aina ya kwanza, selimundu na ugonjwa wa moyo unaotokana na homa ya rumatizimu. Msingi wa mkakati huu ulijengwa Rwanda, ambako wauguzi wa hospitali za wilaya walifundishwa kuendesha kliniki hizo wenyewe. Aprili 2024 mkutano wa kwanza wa kimataifa wa PEN-Plus barani Afrika ulifanyika Dar es Salaam.

Kwa upande wa dawa, WHO iliingiza insulini za kisasa zinazofanya kazi muda mrefu kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021, na zile zinazofanya kazi haraka mwaka 2025. Mpango wa Changing Diabetes in Children, ulioanzishwa na kampuni ya Novo Nordisk mwaka 2009, umekuwa ukitoa insulini bure kwa watoto katika nchi kadhaa, zikiwemo Tanzania, Kenya na Uganda.

Pia kuna habari ya kutia wasiwasi. Mwaka 2024 kliniki za serikali za Afrika Kusini zililazimika kurudi kwenye chupa na sindano, baada ya kampuni hiyo hiyo kutoendelea na mkataba wa kuzipatia kalamu za insulini ya kawaida. Somo kwetu ni kwamba msaada au mkataba wa kampuni moja unaweza kukoma, na mtoto wa kisukari hawezi kusubiri mkataba mwingine usainiwe.

Mtoto anapotea wapi

Mkakati wa PEN-Plus unaanzia hospitali ya wilaya. Mtoto mgonjwa anaanzia duka la dawa, kisha zahanati, kisha kituo cha afya. Hapo katikati ndipo tunapompoteza.

Tazama mwongozo tunaotumia kumhudumia mtoto mgonjwa wa chini ya miaka mitano. Unatuelekeza kuuliza kuhusu kikohozi na kupumua kwa shida, kuhara, homa, masikio, utapiamlo na upungufu wa damu. Ni mwongozo mzuri, na umeokoa watoto wengi. Lakini fikra zake tunazibeba hata kwa watoto wakubwa. Mtoto mwenye ketoni anapumua haraka, nasi tunaandika nimonia. Anatapika na kuumwa tumbo, tunaandika malaria au minyoo. Amekaukiwa maji, tunampa maji ya chumvi na sukari ya kunywa, halafu tunamrudisha nyumbani. Sina haki ya kuwalaumu wenzangu waliomwona msichana yule kabla yangu. Walifuata walichofundishwa, na pengine hawakuwa na kijiti hata kimoja cha kupimia sukari.

Kuna dalili moja ambayo ningependa kila muuguzi aishike. Mtoto aliyekaukiwa maji kwa sababu ya kuhara au homa hukojoa kidogo sana. Mtoto aliyekaukiwa maji na bado anakojoa sana, huyo mpime sukari palepale. Ukikuta 11.1 au zaidi pamoja na dalili hizi, ni kisukari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mpe rufaa siku hiyohiyo, usimwambie arudi kesho.

Na hapo zahanatini, maji hutangulia insulini. Mtoto mwenye ketoni huanzishiwa dripu kwa kipimo cha uzito wake, na insulini huanza angalau saa moja baadaye, mahali ambapo anaweza kupimwa kila saa. Kumchoma insulini nyingi kwa haraka kunaweza kushusha potasiamu yake hadi kiwango cha hatari kwa moyo, na kuharakisha matibabu kwa pupa si salama kwa mtoto ambaye ubongo wake unaweza kuvimba.

Bango linaweza kufanya kazi gani

Mtu anaweza kusema kwamba elimu ni maneno tu. Huko Parma, Italia, madaktari walibandika shuleni mabango yenye ujumbe mfupi kuhusu mtoto anayesikia kiu sana, anayekojoa sana, na hasa yule aliyeacha kukojoa kitandani kisha akaanza tena. Madaktari wa watoto wa eneo hilo wakapewa vifaa vya kupima sukari. Kabla ya kampeni hiyo ya miaka ya 1990, asilimia 78 ya watoto waliogunduliwa kuwa na kisukari walifika wakiwa tayari na ketoni. Baadaye ilishuka hadi asilimia 12.5.

Italia si Tanzania, najua. Kule hospitali iko karibu na gari lipo. Lakini angalia kilichobadilika pale: bango na kipimo. Insulini ilikuwepo tangu mwanzo.

Baada ya kuruhusiwa hospitali

Msichana wangu alirudi nyumbani na chupa za insulini, mabomba ya sindano, glukomita na boksi moja la vijiti 50. Mtoto wa kisukari anatakiwa kupimwa mara nne kwa siku au zaidi. Boksi hilo linatosha siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu mama anaanza kukisia, na kukisia insulini ni hatari kwa pande zote mbili: ikizidi mtoto anazimia, ikipungua ketoni zinarudi. Kwa hiyo tukisikia kwamba insulini ni bure, tuulize pia vijiti analipa nani.

Jambo la pili ni vifaa. Insulini inayotumika sana kwetu ina uniti 100 katika mililita moja, kwa hiyo uniti 10 ni sehemu ya kumi ya mililita. Kwa bomba la kawaida la mililita 2 au 5 huwezi kupima hilo kwa usahihi. Nimewahi kukuta familia imeishiwa mabomba ya insulini na kununua ya kawaida dukani. Ndiyo maana kubadilisha kalamu kuwa chupa, au aina moja ya insulini kuwa nyingine, si kazi ya stoo ya dawa peke yake. Kila badiliko linahitaji muuguzi akae na mama, amwonyeshe, kisha mama naye amwonyeshe muuguzi.

Jambo la tatu ni joto. Wazazi wengi wasio na friji huogopa kwamba insulini imeharibika, wengine huiacha kwa jirani mwenye friji na kukosa dozi ya usiku jirani akifunga mlango. Hapa kuna habari njema. Utafiti wa Médecins Sans Frontières na Chuo Kikuu cha Geneva, uliochapishwa mwaka 2021, ulifuata joto halisi la nyumba katika kambi ya Dagahaley huko Dadaab, Kenya, linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Insulini ilibaki na nguvu yake kwa wiki nne. Kwa hiyo mtungi wa udongo, au vyungu viwili vyenye mchanga mbichi katikati, uliowekwa kivulini, unamtosha mtoto. Usiiweke juani, usiiweke karibu na jiko, na usiigandishe kwenye barafu. Chupa iliyofunguliwa itupwe baada ya wiki nne.

Jambo la nne ni shule. Mtoto aliyechomwa insulini asubuhi akakosa uji wa saa nne, sukari yake inashuka. Anatetemeka, anatoka jasho, anaongea ovyo, na mwalimu asiyejua anaweza kudhani ni utundu au mapepo. Nilikwenda shuleni kwa msichana huyu nikakaa na mwalimu wake kwa nusu saa. Sasa kwenye droo ya mwalimu kuna sukari kwenye kikopo. Hakuna fungu la bajeti lililonipeleka pale.

Ninachoomba

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge letu mwaka 2023. Mjadala wa kitita cha huduma ukiendelea, naomba mambo matatu yawemo. Kwanza, vijiti vya kupimia sukari vihesabiwe zahanatini kama tunavyohesabu vipimo vya haraka vya malaria, visiishe bila mtu kuulizwa. Pili, bima ilipie vijiti na mabomba ya mtoto pamoja na insulini yake, kwa sababu kimoja bila vingine hakimsaidii. Tatu, ziara ya muuguzi nyumbani na shuleni katika mwezi wa kwanza ihesabiwe kuwa sehemu ya matibabu.

Hayo hayahitaji daktari bingwa. Yanahitaji muuguzi aliyefundishwa, kifaa cha kukaa kiganjani, na mtu wa kuuliza vijiti vimebaki vingapi.

Mzazi, shika haya

- Mtoto akisikia kiu sana, akikojoa sana au akianza tena kukojoa kitandani, akikonda na kuchoka, nenda kituoni leo. Sema wazi: "Naomba mtoto apimwe sukari." Ni haki yako kuomba.
- Dawa ya mitishamba na maombi visichukue nafasi ya insulini. Ukiomba, omba huku mtoto anachomwa.
- Mtoto akiugua na kukataa kula, usiache insulini. Hapo ndipo ketoni huja haraka. Mpime mara kwa mara, mpe maji, mpigie simu muuguzi wako kuhusu kipimo cha dozi.
- Sukari ikishuka chini ya 4, au akitetemeka na huna kijiti, mpe sukari vijiko vitatu vya chai kwenye maji kidogo. Mtoto mdogo atoshwe na kijiko kimoja hadi viwili. Subiri dakika 15, pima tena, kisha mpe chakula.
- Akipoteza fahamu, usimmiminie kitu mdomoni. Mlaze ubavu, weka chini ya ulimi kijiko cha chai cha sukari iliyoloweshwa kwa tone la maji, na mwahishe kituoni. Rudia baada ya dakika 10 mkiwa njiani.
- Zungusha mahali pa kuchoma: mapaja, tumbo, makalio, mikono. Insulini yenye ukungu viringisha kwa viganja, usiitikise.

Msichana yule sasa anajichoma mwenyewe, mama akisimama pembeni kuhakikisha uniti. Wiki iliyopita nilipita kwao. Mtungi uko nyuma ya mlango, daftari la vipimo limeandikwa vizuri mpaka tarehe 14, kisha kurasa tupu. Vijiti vilikuwa vimeisha. Nilikuwa na kumi kwenye mkoba, nikamwachia.