Mti wa Chunguni Ni Shule ya Mkulima

Watu wengi wakiuona mti wa miaka ishirini umesimama ndani ya chungu kidogo kama karai, hucheka. Husema, "Huo ni mchezo wa watu wa mjini wenye nafasi. Mkulima wa Bahati au Molo mwenye ekari mbili ana haja gani na mti usiotoa boriti, wala kuni, wala matunda ya kuuza?" Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jibu. Jibu langu ni kwamba mti huo mdogo ni shule, na karo yake ni ndogo kuliko hasara tunayopata katika vitalu vyetu vya miche.

Kwanza tuifahamu kazi yenyewe. Ufundi wa kulea miti vyunguni ulianza Uchina, ukaenda Japani, na Wajapani wakauita bonsai, maana yake mmea uliopandwa katika chombo kisicho na kina. Mti wa bonsai hautoki katika mbegu ya ajabu. Ni mti wa kawaida, na ukiupanda shambani utakuwa mrefu kama wenzake. Huwa mdogo kwa sababu mwenyewe huupogoa matawi na mizizi kwa wakati wake, na kuupa maji na chakula kwa kipimo.

Upo msonobari mmoja ulioanza kulelewa hivyo huko Japani yapata mwaka 1625. Jamaa ya Yamaki waliutunza kizazi baada ya kizazi katika mji wa Hiroshima. Bomu la atomiki lilipoanguka tarehe 6 Agosti 1945, mti huo ulikuwa kama kilomita tatu kutoka mahali pale, nao ukapona. Mwaka 1976 ulitolewa zawadi kwa watu wa Marekani, na hata leo uko Washington. Mti umekaa chunguni karibu miaka mia nne! Na miche yetu hufa katika mifuko yake kabla ya miezi sita.

Mnamo Desemba 2022 Serikali ilianzisha mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 ilikuwa siku ya mapumziko ili watu wapande. Hiyo ni kazi njema, maana mito ya Njoro, Makalia na Nderit inayoingia Ziwa Nakuru huanzia upande wa Mau, na msitu ukikonda, mito nayo hukonda. Lakini mti hauhesabiwi siku ya kupandwa. Huhesabiwa ukiisha kuvuka kiangazi cha kwanza na cha pili. Marehemu Profesa Wangari Maathai alilijua jambo hili. Katika Green Belt Movement aliyoianzisha mwaka 1977, akina mama walipewa kifuta jasho kidogo kwa ajili ya miche iliyopona, si kwa wingi wa mashimo yaliyochimbwa.

Kwa nini basi miche hufa? Mara nyingi kosa hufanyika kitaluni, kabla mche haujafika shambani. Mche ulio ndani ya mfuko wa nailoni nao ni mti wa chunguni. Mizizi yake haina pa kukimbilia. Ukikawia humo, mizizi huzunguka na kujisokota kama kamba chini ya mfuko. Ukiupanda hivyo, waweza kuishi miaka miwili mitatu, kisha upepo ukauangusha, nawe ukaulaumu upepo. Fundi wa bonsai haponyokwi na jambo hili, kwa sababu huutoa mti wake chunguni na kuitazama mizizi kwa macho yake mwenyewe. Hayo ndiyo mafunzo ninayotaka mkulima ayapate.

Haya, tuufuate mwaka wa huku kwetu. Vitabu vya Japani hufuata majira ya theluji. Sisi twafuata mvua na kiangazi.

Januari na Februari jua ni kali na upepo hukausha. Mwagilia asubuhi, lakini kwanza ingiza kidole katika udongo. Ukikuta unyevu, acha. Mizizi iliyolowa siku zote huoza, na mti unaooza mizizi hunyauka sawasawa na wenye kiu, hata mtu asiyejua akauongezea maji. Kule Molo na Mau Narok umande huganda usiku ulio mwangavu. Usiku huo uweke mti wako chini ya ukingo wa paa.

Machi, mvua kubwa zikikaribia, ni wakati wa kubadili udongo. Utoe mti, uchane mizizi kwa kijiti, na ukate iliyojisokota, lakini usizidishe theluthi moja. Kisha uuweke kivulini majuma mawili au matatu. Mwenye kitalu naye afanye vivyo hivyo kwa kiasi chake: ainue mifuko na kukata mizizi iliyopenya ardhini, kisha anyweshe vizuri na kutia kivuli.

Aprili na Mei machipukizi huja mengi. Pogoa kidogo kidogo, na uhakikishe matundu ya chungu hayajaziba. Mwezi mmoja kabla ya kupeleka miche shambani, mwenye kitalu apunguze maji na kivuli pole pole ili mche uzoee taabu. Siku ya kupanda auvue mfuko wote. Mche uliopandwa na mfuko wake umezikwa, haukupandwa.

Juni mpaka Agosti ni baridi, na Nakuru mvua hurudi. Punguza maji na uchunguze ukungu. Ikiwa umefunga waya ili kukunja tawi, ufungue kabla haujazama katika gome. Oktoba na Novemba, mvua ndogo zikija, pogoa kwa mara ya mwisho. Desemba tengeneza kivuli, maana kiangazi ki mlangoni.

Kuhusu udongo, sisi wa Bonde la Ufa tumebarikiwa. Longonot na Menengai zilitapika mawe mepesi yenye vitundu, yale ambayo ukiyatupa majini huelea. Mafundi wa nchi nyingine huyanunua mawe ya namna hiyo kwa fedha, kwa sababu hushika unyevu na tena hupitisha hewa. Yaponde yawe kama punje za mahindi, uchekeche vumbi, uchanganye sehemu mbili za mawe na moja ya mboji.

Miti ya kufaa pia tunayo. Mzeituni wa mwitu, ambao Wakikuyu huuita mutamaiyu na Wamaasai oloirien, huvumilia kukatwa na huchipuka hata katika shina kuukuu. Mugumo hutoa mizizi mizuri. Mutarakwa, yaani mwerezi wetu, ni mzuri sana, lakini usiliondoe jani lote katika tawi, kwa maana tawi lake lililo tupu halichipui tena.

Hapa natoa onyo. Wako wanaoona upesi ni kung'oa mti mkongwe msituni au miambani na kuutia chunguni. Mti wa miaka mingi uliong'olewa na asiyejua hufa, na pale ulipotoka pamebaki shimo. Tena Sheria ya Misitu ya mwaka 2016 inakataza kutoa mmea katika msitu wa Serikali bila kibali. Anza na mbegu, au kipandikizi, au mche wa kununua. Anayetaka mti wa uzee bila kungoja hajajifunza lolote.

Maoni yangu ni haya. Vyama vya 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilianza mwaka 1962 na vikafufuliwa mwaka 2021. Kila chama cha shule, na kila kikundi cha akina mama wenye kitalu, kiwe na meza moja ya miti ya vyunguni. Kila mwanachama apewe mti mmoja na daftari, aandike siku aliyobadili udongo, siku aliyopogoa, na maji aliyotia. Mara moja kwa mwezi wakutane, kila mtu aeleze habari za mti wake, na uliokufa utolewe mizizi nje ili wote waone sababu. Na katika Maonyesho ya Kilimo ya Nakuru zawadi itolewe kwa mti uliotunzwa miaka mingi pamoja na daftari lake, si kwa chungu cha bei kubwa.

Wengine watasema kwamba kuukata mti mizizi ni kuutesa. Mbona tunapogoa kahawa na chai, na hatusemi tunazitesa? Mateso ni kuuacha mti ujinyonge katika mfuko. Wengine watasema hawana wakati. Dakika tano kila asubuhi zatosha, na mtoto anaweza kuzitoa kabla ya kwenda shule.

Mtoto aliyeuvusha mti mmoja viangazi vitatu katika chungu, mpe miche mia moja bila hofu. Yule asiyeweza kuulinda mmoja, hiyo mia ataipanda kwa furaha, apigwe picha, na mwaka ujao aje kuomba mingine. Basi mtafute chungu na kuponda mawe yenu sasa, kabla mvua za Machi hazijawakuta mikono mitupu.