Padri aliyeficha uso wake, na watoto wa Bel-Air wanaopigwa picha

Si jambo la ajabu siku hizi kukuta katika lupango moja ya Bel-Air, komini ya Kampemba, nyumba ya vyumba viwili inayolaza watu kumi au kumi na wawili. Nusu yao ni wenyeji. Wengine ni jamaa zilizokimbia: za Mitwaba, za Pweto, za Manono, na zile zilizotoka Kivu baada ya Goma na Bukavu kuanguka mikononi mwa M23 mwanzoni mwa 2025. Mama mwenye nyumba hakuomba kuwa shirika la misaada. Waligonga mlango usiku, mmoja akataja jina la shemeji, mlango ukafunguliwa. Tangu usiku ule unga wa bukari hautoshi, na makala yanaisha kabla ya wiki kwisha.

Mara moja moja hufika gari. Linaleta unga, mafuta, sabuni, pengine madaftari. Ni vizuri, hakuna anayekataa. Lakini kabla gunia halijafunguliwa, watoto wanapangwa mstari, wadogo mbele, na simu zinatolewa. Mtoto anaambiwa ashike kikombe. Anaambiwa asicheke sana. Jioni picha zimeshafika kwenye vikundi vya WhatsApp vya mtaa, za mgeni anayetabasamu na za mtoto anayetazama chini. Jumatatu shuleni wenzake wameshaona. Huyo wa Pweto hana jina tena. Anaitwa « déplacé ».

Kuna mtu wa Mexico ambaye maisha yake yanafaa kusimuliwa katika nyumba hizo, na hasa mbele ya wenye simu. Anaitwa Sergio Gutiérrez Benítez. Alizaliwa mwaka 1945 katika jimbo la Hidalgo, katika jamaa maskini yenye watoto wengi. Ujanani alizama katika dawa za kulevya. Alitoka humo kwa shida, akaingia utawa, akasoma Ulaya, akapata upadri, na mwishowe akafanya kazi katika jimbo la kanisa la Texcoco, karibu na mji mkuu wa Mexico. Huko akaanza kupokea watoto wasio na mtu. Na hapo, kama kila mwenye nyumba wa Bel-Air anavyojua, ndipo hesabu ilipoanza. Mtoto anakula leo, kesho atakula tena. Viatu vinatoboka. Homa haingojei mwisho wa mwezi.

Padri huyo alikumbuka filamu ya nchi yake ya mwaka 1963, El Señor Tormenta, juu ya padri maskini anayepigana mieleka usiku ili alishe yatima. Wengine wangeicheka na kulala. Yeye alikwenda kujifunza mieleka. Akashona kinyago cha manjano na chekundu, akajiita Fray Tormenta, maana yake Ndugu Dhoruba, akapanda ulingoni bila kumwambia askofu wala wapiganaji wenzake yeye ni nani. Alidhani pesa zingemwagika kama kwenye filamu. Malipo ya mwanzo yalikuwa kidogo mno. Hakuacha. Alipigana kwa zaidi ya miaka 20, nchini kwake na hata Japani, akavunjika mbavu na vidole, na kila alichopata kilikwenda kwenye jiko la watoto. Waliopita mikononi mwake wanahesabiwa kuwa zaidi ya 2000.

Wengi wamesikia hadithi hii kama kichekesho. Wafaransa waliitengenezea filamu mwaka 1991, L'Homme au masque d'or, Jean Reno akicheza, na Wamarekani wakatoa yao mwaka 2006, Nacho Libre, ambamo padri amegeuzwa mtawa mpishi mnene anayeanguka anguka. Watu wakacheka. Kilichopotea katika kicheko ni ile miaka 20. Mtu kupigwa mara moja kwa ajili ya yatima ni habari ya gazeti. Kupigwa wiki hadi wiki, mpaka watoto wa kwanza wanaoa na kuolewa, hilo halina filamu.

Kuhusu kinyago chenyewe, mtu wa Katanga hahitaji kufundishwa na Mexico. Waluba na Wasongye wana kifwebe, na anayecheza ndani yake haitwi kwa jina la mama yake siku hiyo. Lakini Wamexico wamekifanyia sheria kali. Katika mieleka yao, adhabu kubwa kuliko zote ni kushindwa pambano la kinyago kwa kinyago. Aliyeshindwa anavua mbele ya watu wote, na jina lake halisi linatangazwa. Wapo waliolia ulingoni watu wazima. El Santo, bingwa wao mkubwa kuliko wote, aliyezaliwa Hidalgo pia, hakupoteza kinyago chake kamwe katika pambano, na alipofariki mwaka 1984 alizikwa nacho usoni.

Hebu hilo lisikilizwe vizuri. Kwa watu wale, kuonyeshwa uso na kutajwa jina ukiwa umeshindwa ni adhabu ya mwisho. Hapa Bel-Air ndiyo bei ya kilo mbili za unga, na anayeilipa ana miaka saba.

Fray Tormenta alipanga mambo kinyume kabisa. Mwenye kutoa ndiye aliyefunika uso. Watu walionunua tiketi walilipia kuona mieleka, wakapewa mieleka. Hawakuonyeshwa mtoto mwenye kikombe ili wahurumie. Walipiga kelele, wakamzomea, wakaenda zao, na pesa yao ikanunua maharagwe bila wao kujua. Watoto walibaki nyumbani na sura zao. Siri haikudumu, ni kweli: mpiganaji mashuhuri, Huracán Ramírez, alimtambua, na habari ikaenea. Padri amesimulia mwenyewe kwamba askofu alimwita ili amwachishe, naye akajibu kwamba ataacha siku atakapopewa pesa ya kulisha watoto. Pesa haikutoka, mieleka ikaendelea. Jibu hilo lina utovu wa heshima kidogo, lakini ni vigumu kuona angejibu nini kingine akiwa na sufuria inayongoja.

Wenye magari ya misaada wana jibu lao pia, na lisidharauliwe. Wanasema bila picha, waliotoa pesa, wawe wa Ulaya au Kinshasa, hawataamini kwamba unga ulifika. Wana haki ya kuogopa. Katika nchi hii misaada mingi imeliwa njiani, na watu wa Bel-Air wenyewe ndio wa kwanza kuuliza gunia la kumi limekwenda wapi. Lakini picha ya mtoto haithibitishi kitu. Gunia moja na watoto ishirini linaweza kupigwa picha asubuhi Bel-Air na mchana mahali pengine. Kinachothibitisha ni daftari: nani amepokea, kilo ngapi, siku gani, sahihi yake au kidole chake, na shahidi wa mtaa. Ni risiti ya shule. Ni picha ya magunia, ya lori, ya bati jipya juu ya nyumba. Vitu havioni haya.

Na hapa mfano wa kinyago una mpaka wake. Uso wa mtoaji ukifichwa, pesa isifichwe. Kiongozi wa kikundi cha kusaidia wahamaji ambaye hataki kusoma hesabu mbele ya jamaa zilizowapokea anavaa kinyago cha aina nyingine, na hicho kivuliwe.

Kuna pia wanaoona aibu kwa kuwa mfano unatoka kwenye mieleka. Huku Congo mieleka, catch kama inavyoitwa mitaani, imeshikana sana na dawa na vitisho. Wapiganaji wa Kinshasa hutembezwa mitaani na fanfari kabla ya pambano, wamepakwa rangi, na Edingwe alijipatia jina nchi nzima kwa hadithi za nguvu zisizoonekana. Wakristo wengi wa Bel-Air wangesema pesa ya namna hiyo isiingie sakristia. Wana haki ya kuchagua wanachotazama. Ila pesa ya mgombea anayegawa unga mwezi mmoja kabla ya kura, akitaka picha na kila bibi, imeingia mara nyingi bila mtu kuuliza imetoka wapi. Kati ya hizo mbili, ya mtu aliyevunjwa mbavu ili aipate inaonekana safi zaidi.

Wala Fray Tormenta asisifiwe kupita kiasi. Nchi ambayo padri lazima apigwe mateke ili yatima wale ni nchi ambayo kuna mtu hakufanya kazi yake. Ni hivyo hivyo hapa. Mkataba wa Kampala juu ya wakimbizi wa ndani, uliopitishwa na Umoja wa Afrika mwaka 2009, unaweka jukumu la kwanza mabegani mwa serikali, si mabegani mwa mama mwenye vyumba viwili. Mkataba wa kimataifa wa haki za mtoto, ambao Congo iliuridhia mwaka 1990, unasema katika kifungu cha 16 kwamba mtoto naye ana maisha yake ya faragha na heshima ya jina lake. Hausemi isipokuwa akiwa na njaa.

Lubumbashi yenyewe inajua kazi ya kimya inavyokuwa. Wasalesiani wa Don Bosco walifika mji huu mwaka 1911, ulipokuwa bado unaitwa Élisabethville, na nyumba zao kama Bakanja zimepokea watoto wa barabarani mwaka baada ya mwaka: kulala, kula, kusoma, kutafutiwa jamaa. Kazi ya aina hiyo inahitaji mtu anayerudi kesho. Na watu wa aina hiyo Bel-Air inao tayari, bila kanzu na bila kinyago. Ni wale waliofungua mlango. Wao ndio wanaopigana raundi nyingi kuliko wote, na katika picha za misaada hawaonekani kabisa, labda mkono mmoja pembeni unaoshika mtoto asikimbie.

Wanachohitaji kinajulikana. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu mwaka wa masomo ulioanza Septemba 2019, kwa hiyo mtoto wa miaka minane anazuiwa na viatu, sare na madaftari. Kaka yake wa sekondari anazuiwa na minerval. Mwenye nyumba, ikiwa naye ni mpangaji, anazuiwa na kodi, kwa sababu bailleur akiona watu wameongezeka anaongeza bei. Mfuko wa unga mara moja kwa miezi mitatu hausaidii hata kimoja katika hivyo. Pesa kidogo kila mwezi, inayolipwa shuleni au kwa mwenye nyumba, inasaidia vyote vitatu, na haina kitu cha kupiga picha.

Mashefu wa mtaa, maparokia na makanisa ya uamsho ya Bel-Air wanaweza kuanza bila kungoja barua kutoka popote. Gari linapofika, wenyeji waombe daftari kwanza. Simu zibaki mfukoni mpaka watoto warudishwe ndani. Anayetaka picha apigwe yeye, na dereva, na magunia. Wazazi waliokimbia vita waambiwe wazi, kwa Kiswahili na si kwa Kifaransa cha haraka, kwamba wanaweza kusema hapana na bado wakapewa unga. Hilo la mwisho ndilo gumu. Mama aliyetembea kutoka Mitwaba na watoto watatu hatasema hapana mbele ya gunia kama hajasikia mapema, kutoka kwa mtu anayemwamini, kwamba jina lake litabaki kwenye orodha.