Zima Simu? Mimi Sizimi

Ule ujumbe wa WhatsApp unaujua. Eti usiku wa leo, saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu, zimeni simu, miale kutoka anga za juu inapita karibu na dunia. Wengine huongezea chumvi: jua limechafuka, na radi nazo zitakuwa kali. Nilikuwa nacheka tu. Masika yaliyopita nikaacha kucheka.

Ami yangu huvua usiku nje ya Ras Kitau. Ujumbe ukamfikia akiwa chomboni, akazima simu. Kama saa saba hivi niko ufukweni, ng'ambo naona taa za Shela, na kule bahari kuu mawingu yamejikusanya, umeme unamulika. Napiga, hapatikani. Napiga tena, wapi! Nyumba nzima haikulala. Alirudi alfajiri, mzima, amelowa chapachapa, na la kwanza kuuliza ni kama simu zetu zimeungua.

Jamani, sisemi jua halina lolote na radi. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading walitoa hesabu: upepo wa jua uendao kasi ukishafika duniani, Uingereza ilipata kwa wastani radi 422 katika siku 40 zilizofuata, ilhali siku 40 za kabla zilikuwa 321. Si mchezo. Na hiyo miale ya anga za juu ni kweli ipo, inatupiga usiku na mchana, na jua likichachamaa ndiyo kwanza hupungua. Simu yako haina habari nayo.

Ila hata sisi tuna kisa chetu. Mwaka 1923 mtaalamu wa hali ya hewa wa Uingereza, C. E. P. Brooks, alionyesha kwamba maji ya Ziwa Victoria yalipanda na kushuka pamoja na madoa ya jua, yenye mzunguko wa miaka kama 11. Kama ngoma na mchezaji wake! Ungedhani ufunguo wa mvua umepatikana. Kufika miaka ya 1930, mwendo ukavurugika: ziwa likaenda zake, jua likaenda zake. Wataalamu wameirudia hesabu hiyo, na bado wanabishana.

Kwa hivyo mimi naona hivi: kama jua lina mkono kwenye radi, ni mkono wa kuonekana ukihesabu siku nyingi, si wa kukwambia litakalomkuta ami usiku wa leo. Wingu la radi hujengwa hapa hapa, kwa joto na mvuke unaopanda mpaka ukawa barafu, vipande vikagongana na chaji zikatengana. Hilo unaliona kwa macho.

Na simu haiiti radi. Mlingoti ndio wa kuogopwa, maana baharini hakuna kirefu kuliko huo. Ukiona umeme, hesabu mpaka ngurumo ifike: kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Ukisikia ngurumo tu, geuza chombo, na usirudi majini mpaka zipite dakika 30 tangu ile ya mwisho.

Ami sasa simu haizimi, anaiweka kwenye kopo lenye kifuniko. Ujumbe bado anausambaza, lakini. Juzi kanitumia mimi.