Maua yetu, mrabaha wao: Je, mionzi inaweza kubadilisha hesabu ya Naivasha?

Taja neno nyuklia hapa Kenya na watu watafikiria vitu viwili: bomu, au ule mvutano wa Uyombo, Kilifi, ambako wakazi walikataa katakata kujengewa kituo cha umeme wa nyuklia karibu na bahari yao. Hakuna anayefikiria shada la maua. Lakini mionzi imekuwa ikitumika kutengeneza maua mapya tangu kabla babu zetu hawajaona uhuru, na swali la nani anafaidika nayo linatuhusu sana.

Tuanze na hesabu. Kenya ni kati ya wauzaji wakubwa zaidi wa maua duniani, na zaidi ya theluthi ya mawaridi yanayoingia soko la Ulaya hutoka hapa, mengi yakiwa ya Naivasha. Maji ni yetu, jua ni letu, mikono inayokata na kufunga mashada ni ya masista na mabroo zetu. Ila ua lenyewe si letu. Mengi ya mawaridi hayo ni aina zilizobuniwa na kampuni za Uholanzi, Ujerumani na Ufaransa, na mwenye shamba hulipa mrabaha ili aruhusiwe kupanda.

Ni kama kupiga shoo kila wikendi ukiimba nyimbo za mtu mwingine. Ukumbi unajaa, unatoa jasho, lakini kila ukishika maiki kuna mtu mahali anahesabu doo zake.

Ua jipya hutoka wapi?

Njia ya kawaida ni kuchavusha ua moja kwa chavua ya lingine, kupanda maelfu ya mbegu zitakazopatikana, kisha kuchagua ule mche mmoja au miwili yenye maana. Kwa waridi, kazi hiyo hula miaka mingi, na ndiyo maana kampuni zenye mifuko mizito ndizo zinazotawala.

Mionzi ni njia nyingine. Unachukua mbegu, majani au vipande vya shina, unavipiga kwa eksirei au miale ya gama, mara nyingi kutoka kwa madini ya kobalti-60, ambayo pia yametumika miaka mingi hospitalini kutibu saratani. Miale hiyo huvuruga jeni hapa na pale bila mpangilio. Ukizidisha dozi, mimea yote inakufa. Ukipunguza mno, hakuna kinachobadilika. Hata ukipatia, mingi itatoka dhaifu au na majani yaliyojikunja. Lakini kati ya mamia au maelfu, mmoja unaweza kuchanua rangi ambayo mama yake hakuwa nayo.

Wakati mwingine ni tawi moja tu linalobadilika, au hata nusu ya ua. Hapo mtaalamu hukata kile kipande kilichobadilika na kukikuza peke yake, mara nyingi kwenye maabara, kama zile ndizi za tishu ambazo wakulima wetu wanazijua. Kisha anasubiri misimu kadhaa aone kama rangi mpya itadumu.

Si mambo ya jana hayo. Mwaka 1927, Mmarekani Hermann Muller alionyesha kwamba eksirei hubadilisha urithi wa nzi wa matunda, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 1946. Mwaka 1928, Lewis Stadler naye akachapisha matokeo kama hayo kwa mimea. Kufikia miaka ya 1930, Waholanzi walikuwa tayari wanapiga tulipu eksirei, na tulipu iitwayo Faraday ikatokana na majaribio ya aina hiyo.

Baadaye zamu ikawa ya krisanthemamu. Watafiti wa Wageningen walichukua aina moja ya pinki wakaipiga mionzi, wakapata familia nzima ya rangi nyingine. Raha kwa mkulima ni kwamba familia hiyo ilikua karibu sawa na mama yao, kwa hivyo haikumlazimu kujifunza upya namna ya kuikuza. Hadi leo, kati ya mimea ya mapambo, krisanthemamu ndiyo inayoongoza kwa aina zilizozaliwa kwa mionzi. Ukijumlisha mazao yote, orodha ya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, ina aina zaidi ya 3,400.

Je, ua kama hilo ni hatari? Hapana. Miale ya gama haigeuzi mmea kuwa chanzo cha mionzi, kama vile wewe hutoki hospitalini ukitoa miale baada ya kupigwa picha ya kifua.

Sheria nayo ina vituko vyake

Hapa kwetu GMO ni vita. Serikali ilipoondoa marufuku Oktoba 2022, kesi zikafuata mahakamani. Ulaya nao ni wakali hivyo hivyo. Mwaka 2017 petunia za rangi ya chungwa ziliondolewa sokoni Ulaya na Marekani na kuharibiwa baada ya kugunduliwa zina jeni ya mahindi iliyowahi kuingizwa kwenye petunia na watafiti wa Ujerumani miaka ya 1980. Yalikuwa maua ya kupamba veranda, hakuna aliyekuwa anayala.

Lakini mmea ambao jeni zake zimevurugwa kwa mionzi? Huo unapita. Mahakama ya Haki ya Ulaya ilisema Julai 2018 kwamba mbinu za zamani za aina hii hazibanwi na sheria kali za GMO kwa kuwa zimetumika kwa muda mrefu bila madhara. Unaweza kusema ni unafiki au ni busara, lakini kwa nchi inayouza maua Ulaya hiyo ni nafasi: teknolojia ya bei nafuu, isiyo na mwenyewe, na isiyozuiwa mlangoni.

Tusiipambe kupita kiasi, ingawa. Mionzi huvunja zaidi kuliko inavyojenga. Inaweza kuzima jeni ya rangi na kukupa ua jeupe au lililopauka, lakini haiwezi kuleta rangi ambayo mmea hauna uwezo wa kuitengeneza. Ndiyo maana waridi la 'bluu' la kampuni ya Suntory, lililoanza kuuzwa Japani mwaka 2009, lilihitaji jeni kutoka kwa ua lingine. Na hata hilo, ukweli usemwe, ni zambarau tu.

Sisi tumeshafanya hii kitu

Kuna watu watasema hiyo ni sayansi ya wazungu. Si kweli. Ugonjwa wa kutu ya shina uitwao Ug99, uliotambuliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990, ulipoanza kumaliza ngano, timu ya Profesa Miriam Kinyua wa Chuo Kikuu cha Eldoret ilishirikiana na IAEA. Mbegu zilipigwa mionzi kwenye maabara za Seibersdorf karibu na Vienna, zikarudi nyumbani, zikapandwa na kuchujwa kwa miaka. Matokeo yake ni aina kama Eldo Ngano 1, inayostahimili ugonjwa huo. Kenya ni mwanachama wa IAEA tangu 1965, kwa hivyo mlango huo hatuombi kufunguliwa.

Basi kwa nini tusichukue waridi la Mholanzi, tulipige mionzi, tulibatize jina la Kikuyu au Kijaluo, tumalize mchezo?

Hapo ndipo kuna kisiki. Mwaka 2016 Kenya ilijiunga na toleo la 1991 la UPOV, mkataba wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea. Mkataba huo unataja waziwazi kwamba mmea uliopatikana kwa kuchagua badiliko la jeni, liwe la asili au la kusababishwa, unaweza kuhesabiwa kuwa umetokana na ule wa kwanza. Ukihesabiwa hivyo, unaweza kusajili wako, lakini huwezi kuuuza bila ruhusa ya mwenye wa kwanza. Yaani ukirimiksi wimbo wa mtu, bado unampigia simu.

Mionzi peke yake, basi, haituondoi kwenye mrabaha. Muhimu ni unaanza na mmea gani. Mi naona njia ziko mbili. Ya kwanza ni aina za zamani ambazo ulinzi wake umekwisha, maana haki hizi hazidumu milele. Mkataba unataka angalau miaka 20 kwa mimea mingi na 25 kwa miti na mizabibu.

Ya pili ndiyo inayoniuma: mimea ya kwetu. Kuna kiua kidogo cha zambarau, Saintpaulia, ambacho asili yake ni misitu ya Tanzania na Kenya. Aina moja iko Mbololo, Taita, na iko hatarini kutoweka. Enzi za ukoloni afisa Mjerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alikikuta kule Usambara akatuma kwao. Leo kinapamba madirisha ya nyumba duniani kote kwa jina la vayoleti ya Afrika. Na sasa sikia hii: Waholanzi walikipiga mionzi pia, miaka ya 1960, kwa sababu jani lake moja huchipuza miche mipya inayofaa sana kwa kazi hiyo. Afrika kwenye hadithi hii ilibaki kwenye jina tu.

Bado tuna mimea mingine. Kuna Adenium, kile kimti cha shina nene na maua ya pinki kinachouzwa kwenye vitalu vya kando ya barabara. Kuna Gloriosa, ua jekundu lenye ncha za manjano linalopanda vichakani. Hakuna anayetudai mrabaha kwa mimea inayojiotea yenyewe porini kwetu.

Mimi sikumaliza chuo, lakini hesabu hii haihitaji digrii. Vijana wenye diploma za kilimo wako mtaani wakiuza laini za simu. Kupiga mionzi huchukua muda mfupi. Kazi ndefu ni ile inayofuata, ya kupanda, kutazama, kutupa na kuchagua, mwaka baada ya mwaka. Hiyo kazi inataka watu wengi wenye macho makali na subira, na hao tunao.

Kinachokosekana ni mtu wa kulipia hiyo miaka ya kusubiri. Serikali na wenye mashamba makubwa wakiendelea kuona mrabaha kama gharama ya kawaida, kama kodi ya nyumba, basi tutabaki wapangaji kwenye bustani tunayoimwagilia wenyewe.