Vyombo vya Wazee Katika Nyumba Mpya

Yameenea siku hizi katika miji yetu ya pwani mapenzi ya vyombo vya zamani. Vijana wanaooa na kuingia katika fleti za ghorofa huko Mombasa, Dar es Salaam na Unguja hawatosheki tena na makochi ya dukani. Wataka kasha la misumari ya shaba liwekwe chini ya dirisha, na kiti cha enzi kiwe ukumbini, na sahani za kichina zipangwe ukutani. Sisi twaliona jambo hili kuwa ni jema. Kwa miaka mingi vyombo hivi vilidharauliwa: samadari zilipasuliwa kuni, na makasha yaliuzwa kwa wachuuzi kwa bei isiyofaa kutajwa, ili ipatikane nafasi ya makabati ya unga wa mbao uliogandishwa, ambayo yakipata maji ya kudekia sakafu huvimba miguu na kupukutika.

Lakini kabla hatujafika kwenye mapambo liko suala ambalo hapana budi kulitanguliza, kwani wengi hulipita: chombo hicho ni cha nani?

Aghalabu huwa hivi. Bibi amefariki, matanga yameondoka, na nyumba ya zamani yataka kufungwa au kuuzwa. Mtoto mmoja, ambaye kwa kawaida ndiye mwenye nafasi kubwa, huleta gari akalichukua kasha, na hapana asemaye neno, kwa haya au kwa huzuni. Mwaka wa pili kasha limepakwa nta, lang'ara ukumbini, wageni walisifu. Na dada zake wakija kuzuru hulitazama wakanyamaza. Basi ijulikane kwamba kila alichokiacha maiti, tangu shamba hata kijiko, ni tarika. Hutolewa kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, na kinachobakia ni haki ya warithi wote kwa mafungu yaliyowekwa katika Suratun-Nisaa. Kasha halikutolewa katika hukumu hiyo kwa kuwa ni la mbao. Zamani huenda lilihesabiwa kuwa takataka. Leo lina thamani, na fungu la binti katika kasha ni haki yake kama lilivyo fungu lake katika nyumba.

Wala hatusemi likatwe vipande. Na litiwe bei na mtu ajuaye, kisha atakaye kulichukua alihesabu katika fungu lake, au awalipe wenziwe mafungu yao. Na wakiridhia kumpa bure, waliokwisha baleghe na wenye akili zao, basi ni lake kwa halali. Lakini akiwamo mrithi mdogo, ridhaa ya mama yake au ya ami yake haitoshi. Mali ya yatima haitolewi hiba na mlezi. Hapo ndipo twaona watu wema, wasalio na wafungao, wakikalia haki ya yatima na huku wakinywa kahawa.

Liko na la pili, nalo ni kinyume cha hilo. Katika mila zetu vyombo vingi vya ndani huja na bibi harusi: samadari, kasha, vioo, masinia. Alivyopewa na wazazi wake, au alivyonunua kwa mahari yake, ni milki yake. Mumewe akifa haviingii katika tarika hata kidogo, na ndugu wa mume hawana haki ya kuvihesabu pamoja na mali ya marehemu. Mjane hupata chake cha asili chote, kisha ndipo hupata thumni yake ikiwa marehemu ana watoto, au robo ikiwa hana. Tumekwisha sikia ya wajane waliorithishwa thumni ya kitanda chao wenyewe.

Na la tatu ni vitu vya wakfu. Marufaa ya zamani, taa za kuning'inia na misahafu mikongwe huuzwa madukani pamoja na vitu vingine. Chombo kilichowekwa wakfu kwa msikiti au madrasa hakiuzwi kwa kuwa kimezeeka, wala hakifai kuwa pambo la ukumbi wa mtu. Mwenye kukiona na akirejeshe kilikotoka. Ama marufaa yaliyo yako kwa halali, yatumie kwa kazi yake. Tumeyaona katika nyumba moja yakibeba chungu cha maua, na msahafu umewekwa juu ya friji.

Haya yakitengenea, sasa tuingie ndani. Wako wadhanio kwamba vyombo hivi vyataka majumba mapana. Sivyo. Nyumba za mawe za Lamu na Unguja dari zake zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki upana mkubwa. Kwa hiyo vyumba vilikuwa virefu na vyembamba, upana wake mara nyingi haufiki mita 3. Mwenye vyombo alivipanga ubavuni mwa ukuta, akaacha njia katikati. Na chumba cha fleti ya leo si chembamba kuliko hivyo. Tabu ipo kwenye ngazi na milango: pimeni kasha, kisha pimeni mlango na kona ya ngazi, kabla hamjawaita wachukuzi.

Kasha ndilo lenye manufaa kuliko yote. Mengi yaliletwa na majahazi ya kaskazi kutoka Bara Hindi na Ghuba, na mengine yalitengenezwa hapa hapa. Mazuri ni ya msaji, yamepigwa mabamba na misumari ya shaba ya manjano, na chini yana mitoto ya kuvuta, mara nyingi mitatu. Na ndani, ubavuni, mna kisanduku kidogo, ambacho pengine huficha mtoto wa siri. Watu wa kale walitia humo nguo, uturi, dhahabu na hati. Leo lafaa kwa mashuka na mablanketi, na juu yake lafaa kuwekwa taa. Lakini lisifanywe meza ya chai, kwani maji ya moto huacha alama isiyotoka.

Kiti cha enzi ni jambo jingine. Kiti hiki cha mbao nyeusi, chenye mgongo mrefu, kamba zilizosukwa na mapambo ya pembe au mfupa, kilikuwa cha watukufu wa Lamu, Pate na Siyu, na katika nyumba kilikaliwa na mgeni wa heshima. Mwenye kukipata na akiweke peke yake, penye ukuta mweupe, asikizungushie vitu. Na kikaliwe! Hatuoni maana ya kufunga utepe baina ya mikono ya kiti ili watoto wasikikaribie. Babu akija akikalie yeye.

Kwa jumla, chombo kimoja kikubwa katika chumba chatosha. Ukumbi wenye makasha matatu, vioo vinne na saa za ukutani ambazo hata moja haiendi umekuwa duka. Na israfu ni israfu hata ikiwa ya vitu vikuukuu. Vyombo vya fedha na dhahabu vya kulia na kunywea hukumu yake yajulikana.

Utunzaji wake ni mwepesi. Pangusa kwa kitambaa kikavu, na mara moja moja paka nta. Usipake vanishi ya kung'aa, kwani huua rangi ya mbao. Shaba husafishwa kwa ndimu na chumvi, lakini maji yake yasiguse mbao. Chini ya miguu weka vibao vidogo, maji ya kudekia yasipande. Na ukiona unga laini sakafuni chini ya kasha, huyo ni bungua. Usingoje, mwite fundi, na chombo kitengwe na vyenzake.

Ama mwenye kununua, na atahadhari mara mbili. Kwanza, mafundi wetu wangali wakichonga makasha na viti vizuri, na kununua kipya kwa fundi ni jambo la sifa. Lakini wako wachuuzi wakipakao kipya rangi ya moshi wakakiuza kuwa ni cha miaka 150, na hiyo ni ghishi. Na kinyume chake ni dhambi vile vile: kumwendea mkongwe asiyejua bei ya mali yake, ukamlaghai kuwa ni kuni tupu. Pili, sheria. Kwa sheria ya Kenya ya mwaka 2006 chombo kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895 huhesabiwa kuwa cha kale, na mlango wa nakshi uliochongwa kabla ya mwaka 1946 nao umehifadhiwa. Havitolewi nje bila ya ruhusa. Na wenye jamaa Maskati au London wasiwapelekee kiti chenye pembe ya ndovu wakidhani ni zawadi tu, kwani biashara ya pembe kati ya nchi na nchi ilipigwa marufuku kwa mkataba mwaka 1989, na kiti huweza kukamatwa forodhani.

Kwa hayo twawashauri wenye nyumba wafanye jambo moja mwezi huu. Andikeni karatasi: chombo hiki kilikuwa cha nani, kilitoka wapi, kimegawanywaje, nani kalipwa na nani karidhia, watie saini warithi na mashahidi wawili. Kisha ikunjwe, itiwe katika kile kisanduku cha ubavuni, ndani ya kasha lenyewe.