Dholuo si ya dani peke yake

Wasee, andikeni "kendo". Ni jiko, ni kuoa, ama ni "tena"? Kwa maandishi ni kitu kimoja, mdomoni ndio unajua. Dholuo ina irabu 9 na sisi tunaziandika kwa herufi 5. Toni ndiyo hatuandiki kabisa.

Ndiyo maana nawapa heko watafiti wa vyuo vya Maseno, Nairobi na Africa Nazarene kwa Kencorpus: walikusanya maandishi na sauti za Kiswahili, Dholuo na Kiluhya ili kompyuta zijifunze. Sauti iongezwe, tena si ya darasani tu. Waje soko la Rodi Kopany wamsikie mama wa omena akikataa bei yako.

Na wewe unayejifanya umeisahau Dholuo ukishuka Nairobi, simu itajifunza kwa nani?