Jirani wa Ng'ambo ya Ukuta



Kuna neno lililozoeleka sana midomoni mwetu hata hatuliulizi tena maana yake: «kimataifa». Likiandikwa juu ya mlango wa shule, wazazi huvua kofia. Leo nataka tuligonge kidogo, tusikie kama lina kitu ndani.

Shule za kimataifa za bara letu zina desturi ya kukutana katika mashindano. Zile za Afrika ya Mashariki na ya Kusini zimejiunga katika chama kijulikanacho kwa kifupi kama ISSEA; ndani yake mna shule za Nairobi, Dar es Salaam, Lusaka, Harare na miji mingine. Shule moja huwa mwenyeji kwa zamu, na zile nyingine humpelekea timu zao: mpira wa miguu, wa kikapu, wa wavu, riadha. Siku chache za jasho na nyimbo, kisha kila mmoja hurudi kwao, mwenye medali na asiye nayo.

Sisemi kwamba jambo hilo ni baya. Wako miongoni mwetu wanaolitukana kwa sababu tu hawakualikwa, na hiyo ni husuda iliyovalishwa kanzu ya haki. Katika mashindano ya namna hii, mara nyingi wageni hawalazwi hotelini bali nyumbani kwa wanafunzi wenyeji. Kijana aliyekufunga mabao mawili mchana anaketi usiku mezani pa mama yako, anakula kilichopikwa, anaulizwa habari za kwao. Ni nani kati yetu anayeweza kumchukia adui aliyelala katika chumba chake? Na wasichana huchezea viwanja vilevile, mbele ya watazamaji walewale. Hayo ni mema, nami nayasifu bila kinyongo.

Lakini tuulize: pale mezani ameketi nani? Mtoto wa mwanadiplomasia wa Nairobi amekutana na mtoto wa mkurugenzi wa Lusaka. Pasipoti zao ni tofauti. Nyumba zao, vitabu vyao, Kiingereza chao na likizo zao ni vilevile. Amevuka mipaka miwili bila kukutana na mgeni hata mmoja. Naye kijana wa ng'ambo ya ukuta, anayesikia filimbi ya refa tangu asubuhi, amepanda juu ya mti wa mwembe ili aone.

Wakubwa wa shule hizo hawakosi majibu. Watasema kiwango hakilingani. Basi na kionekane uwanjani! Nashuku kwamba hofu yenyewe ni kwamba wale wanaocheza pekupeku watashinda. Watasema usalama: wanaowapandisha watoto ndege kwenda nchi nyingine wanashindwaje kuwavusha barabara? Watasema kalenda imejaa. Hilo peke yake nalipokea kwa heshima, maana nimewahi kupanga mashindano na najua uchungu wake. Ila kalenda huandikwa na mkono wa mtu.

Tena wanayo sheria yao wenyewe inayowahukumu. Nyingi za shule hizi hufuata mpango wa Baccalauréat ya kimataifa, uliozaliwa Geneva mwaka 1968. Anayetaka diploma yake hufaulu mitihani, na zaidi ya hapo hutakiwa afanye kazi za ubunifu, mazoezi ya mwili, na huduma kwa jamii. Vizuri. Ndipo unapowaona wamekuja kwetu Jumamosi moja na ndoo za rangi, wanapaka ukuta wa darasa, wanapiga picha, wanaondoka. Nawashukuru kwa rangi. Lakini angalieni jinsi mambo yalivyogawanywa: katika huduma, jirani anakaribishwa; katika mchezo, hayumo. Anakubaliwa kama mwenye shida, hakubaliwi kama mpinzani. Ni rahisi kumpa mtu kopo la rangi kuliko kumruhusu akufunge mabao matatu mbele ya wazazi wako. Anayecheza nawe amekwisha kuwa sawa nawe kwa muda wa dakika tisini, na huo usawa ndio unaoogopwa.

Msidhani kwamba haya ni mawazo ya wivu wa leo. Ile kauli ya Olimpiki, «upesi zaidi, juu zaidi, kwa nguvu zaidi», haikuzaliwa katika jumba la wafalme. Aliitoa mtawa wa Kidominiko, Padri Henri Didon, mwaka 1891, katika mashindano ya wanafunzi wa shule aliyoiongoza huko Arcueil, karibu na Paris. Coubertin akaichukua mwaka 1894. Ikabidi dunia ingoje hadi mwaka 2021 ndipo neno la nne liongezwe: «pamoja».

Nasi tunao mfano wa nyumbani. Mwaka 1939, watawa Wabenedikto wa Institut Saint-Boniface, hapa Élisabethville ya zamani, waliunda timu ya wanafunzi wao, wakaiita Saint-Georges. Wangeweza kuifungia ndani ya ua wa shule, icheze na watoto wa watawa wengine peke yao. Waliitoa nje, ikaingia katika ligi ya mji, ikapigwa vikumbo na timu za mitaa. Leo jina lake ni TP Mazembe, na kombe la mabingwa wa Afrika imelichukua mara tano.

Sasa niwageukie ninyi, kwa kuwa mmetabasamu mno. Mashindano yetu kati ya parokia, je? Mwaka jana nilimwona mchezaji wa «chini ya miaka 17» akiitwa baba na mtoto aliyekuwa pembeni mwa uwanja. Viongozi wakacheka, wakasema ni mjomba. Wasichana walipewa saa sita ya mchana, jua likiwa utosini, ili wavulana wapate saa kumi. Timu ya watoto wa barabarani, iliyoomba kuingia, iliambiwa haina parokia. Haina parokia! Nasi hatukuhitaji ukuta wala mlinzi. Tulitumia karatasi ya kujiandikisha tu.

Kwa hiyo tuanze kwetu. Timu ile iingie, kwa jina ilitakalo. Wageni walale majumbani mwetu, si juu ya sakafu ya darasa. Jambo hili tuige kwa matajiri bila haya. Wasichana wapewe saa kumi, na fainali yao iwe ya mwisho.

Baada ya hapo ndipo tutakuwa na uso wa kugonga mlango. Miaka michache iliyopita tuliiandikia shule moja yenye uwanja wa nyasi, tukiomba mchezo wa kirafiki. Jibu lilikuja kwa karatasi nzuri: ratiba haikuruhusu. Tumeandika tena juma hili. Hatuombi jezi, wala maji ya chupa, wala rangi. Tumeomba Jumamosi moja, saa mbili tu, na tumewaambia kwamba wakipenda kuja kwetu, uwanja wetu una vumbi lakini mpira tunao.